Hewa ya Mzamiaji Mahali Pasipo na Bahari

Wasikilizaji wangu wa Nyeri, wa Karatina na Othaya, wa Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru, nanyi nyote mkaao pande zote za Mlima Kenya, mazungumzo ya jioni hii yanahusu kitu ambacho binadamu hukitumia usiku na mchana bila ya kukilipia wala kukikumbuka, nacho ni hewa. Lakini si hewa hii ya bure ivumayo kutoka mlimani, bali ile iliyoshindiliwa ndani ya mtungi wa chuma au wa alumini ili mzamiaji aende nayo chini ya maji na kuivuta huko kwa kadiri ya haja yake. Nataka tujiulize pamoja: mtu akaaye katika miji yetu hii, mwenye mtungi wake na cheti chake cha kuzamia, ataujaza wapi, na atapataje yakini kwamba alichojaziwa ni uhai wala si mauti?

Msikilizaji aliyezaliwa Tetu au Mathira aweza kuuliza, na swali lake ni la haki, je, kuzamia si kazi ya watu wa Mombasa, Diani na Watamu, waliojaaliwa bahari yenye matumbawe na samaki wa rangi, ilhali sisi tumejaaliwa chai, kahawa na baridi? Jawabu ni kwamba maji yana kina huku bara kama yalivyo na kina huko pwani. Mito itokayo Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yaani Chania, Gura, Ragati, Thiba, Nyamindi, Rupingazi na mingineyo, hushuka kwa kasi kubwa mpaka ikakutana na Tana. Na katika bonde la Tana wanadamu wamejenga mabwawa, likiwamo Masinga lililokamilika mwaka 1981, Ndakaini la Murang'a lililokamilika 1994, na la Thiba huko Kirinyaga lililozinduliwa mwaka 2022, mbali na bwawa la Chinga ambalo watu wa Othaya wamelizoea tangu utotoni. Ongeza juu ya hayo machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi, ambayo mvua ya masika huyajaza na watoto huyageuza kuwa mahali pa kuogelea. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwingi hakuna bahari, wala Enziu si mto wa kudumu mwaka mzima. Hata hivyo wazamiaji walihitajika siku ile na siku zilizofuata.

Basi haja ya wazamiaji huku bara ni dhahiri, na wazamiaji wenyewe wapo: vijana wa vijiji wazamao kwa pumzi zao tu, kamba kiunoni, askari na watumishi wa idara za uokozi waliofunzwa, na watu binafsi waliojifunza pwani wakarudi nyumbani na vifaa vyao. Kisichokuwapo ni duka la wazamiaji lenye mtambo wa kujazia mitungi. Maduka ya namna hiyo yako pwani, na kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kilomita 150 hivi, na kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 nyingine. Mtu akiupima mwendo huo, akautazama mtungi mtupu uliolala pembeni, ndipo moyo wake uanzapo kumshauri njia ya mkato. Na njia za mkato ndizo nizitakazo kuzieleza kwanza, maana ndizo ziuazo.

Ya kwanza ni kompresa ya fundi wa pancha. Mashine ile imeundwa kwa ajili ya matairi, nayo ni mashine njema kwa kazi yake. Nguvu yake aghalabu ni bari 8 mpaka 12, ilhali mtungi wa mzamiaji hudai bari 200, yaani mara 200 ya uzito wa hewa ituzungukayo tukiwa kando ya bahari. Kwa hiyo hata ikinguruma kutwa haiwezi kuujaza. Lakini wako watu, katika nchi nyingi zenye uvuvi wa kuzamia, waliouruka mtungi wakaunga mpira mrefu kutoka kompresa kama hiyo hadi kinywani mwa mzamiaji, na wengi wao wamelipa kwa roho zao. Pistoni ya kompresa ile hulainishwa kwa oili, na mvuke wa oili hiyo huandamana na hewa mpaka mapafuni. Zaidi ya hayo, mara nyingi huzungushwa na injini ya petroli au ya dizeli, na tundu lake la kuvutia hewa liko hatua chache tu kutoka kwenye bomba la moshi wa injini yenyewe, au ukingoni mwa barabara ambako malori hupanda mlima yakitoa moshi mweusi.

Katika moshi huo imo kaboni monoksidi, na sumu hiyo watu wa nyanda za juu wanaijua kwa msiba. Ndiyo ile iwauayo waliotia jiko la makaa chumbani usiku wa baridi ya Julai, wakafunga madirisha, wakalala wasiamke. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni ishikavyo, hata mwili ukafa kwa kukosa pumzi na hali kifua chaenda juu na chini kama kawaida. Chini ya maji balaa lake huzidi, kwa sababu kila mita 10 za maji ya bahari huongeza shinikizo la bari moja, na mtu aliye kwenye kina cha mita 30 huivuta hewa yake kwa shinikizo mara nne ya lile la juu. Kiasi cha sumu ambacho kingempa mtu barabarani maumivu kidogo ya kichwa, huko chini humwingia kwa nguvu mara nne. Na huenda asihisi jambo mpaka aanze kupanda, ambapo shinikizo la oksijeni linapungua na sumu ingali imeshika damu, akazimia kabla ya kufika juu. Wanaomngoja ukingoni watasema alishindwa na maji. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 12021 hakikubali zaidi ya sehemu 5 za kaboni monoksidi katika sehemu milioni moja za hewa ya kuvuta, wala zaidi ya sehemu 500 za kaboni dioksidi, wala zaidi ya nusu miligramu ya oili katika kila mita moja ya ujazo. Na kichwani mwa yote hayo husemwa kwamba hewa isiwe na harufu. Lakini nasisitiza: ukinusa harufu, ikatae hewa hiyo papo hapo; usiponusa, bado hujapata ushahidi wowote.

Njia ya pili ya mkato ni hospitali. Wengi hudhani mzamiaji hubeba oksijeni mgongoni, na kwa kuwa hospitali nyingi zilijipatia mitambo ya oksijeni katika miaka ya UVIKO-19, mtu aweza kuwaza kwamba rafiki yake aliye huko atamsaidia. Hapo lazima tuseme kwa sauti kubwa: mzamiaji wa kawaida hubeba hewa kama hii tuvutayo sasa, yenye oksijeni asilimia 21 tu na naitrojeni asilimia 78. Oksijeni tupu ikivutwa kwa shinikizo la zaidi ya bari 1.6, ambalo baharini hufikiwa kwenye mita 6 tu, huweza kumtia mtu kifafa cha ghafula, na kifafa chini ya maji maana yake ni kutoka kwa kidhibiti hewa kinywani na kuingia kwa maji mapafuni. Tena oksijeni yenye nguvu ikikutana na mabaki ya oili ndani ya valvu au mtungi, moto huwaka pasipo kiberiti. Hivyo si hospitali, wala si duka la gesi za kuchomelea vyuma. Wala si zile mashine ndogo za bei nafuu ziuzwazo mitandaoni, ambazo kweli hufikisha bari 300 lakini hazina kichungi cha kustahili kuitwa kichungi.

Sasa tutazame mtambo wa haki ulivyo, maana anayeujua hatadanganywa. Kompresa ya hewa ya kuvuta huishindilia hewa kwa hatua tatu au nne, si kwa mkupuo mmoja, na baada ya kila hatua hewa hupozwa na maji na oili vilivyogandamana humwagwa nje. Kisha hewa hupitishwa katika mnara wa kichungi wenye matabaka: tabaka la chembe za kunyonya unyevu, tabaka la mkaa maalumu ulioamshwa nguvu zake ili unase mvuke wa oili na harufu, na tabaka la kitu kiitwacho hopkalaiti, ambacho huigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Hopkalaiti ikilowa hufa kazi yake. Kwa hiyo kichungi kilichopitisha saa zake hakizuii sumu hata kidogo, ijapokuwa mashine yaendelea kunguruma vizuri na geji yaonyesha bari 200. Na katika miji yetu ya mvua na ukungu, ambako hewa yenyewe huingia mashinani na unyevu mwingi, saa za kichungi zahesabiwa kwa uangalifu zaidi kuliko inavyoandikwa na mtengenezaji kwa nchi kavu.

Mtambo wa jinsi hii mtu ategemee kuuona wapi karibu nasi? Kwanza kwa zimamoto. Askari wa zimamoto aingiaye katika nyumba yenye moshi huvaa mtungi mgongoni kama mzamiaji, na hewa yake hutakiwa kuwa safi kwa kiwango kile kile. Kwa hiyo kikosi cha zimamoto kilicho na kompresa yake ya hewa ya kuvuta, inayotunzwa na kupimwa, ndicho jirani bora wa mzamiaji wa bara. Tahadhari moja haiepukiki: mitungi mingi ya zimamoto hujazwa hadi bari 300, ilhali ya wazamiaji wengi ni ya bari 200 au 232, na mtungi wa 200 ukiungwa kwa kifaa kisichofaa kwenye mtambo wa 300, pasipo mtu kusimama geji mkononi, umegeuzwa bomu. Kisha kuna viwanda vya gesi katika eneo la viwanda la Nairobi, ambako haifai kuuliza “mna hewa?” bali kuuliza kama wanauza hewa iliyothibitishwa kwa kuvutwa na binadamu, tena kwa maandishi. Na kuna njia ya tatu, ndefu lakini nyofu, nayo ni kujaza mitungi kadhaa pwani katika duka linaloaminika na kuileta nyumbani. Kwani hewa njema ndani ya mtungi mzuri mkavu haiharibiki kwa wiki wala kwa miezi michache.

Popote uendapo, omba kuonyeshwa. Omba cheti cha mwisho cha kupimwa kwa hewa na utazame tarehe yake. Omba daftari la saa za kichungi. Omba kuona tundu la kuvutia hewa liko upande gani na upepo unatoka wapi. Mwenye mtambo mwaminifu hafadhaiki kwa maswali haya, bali hufurahi kwamba amepata mteja ajuaye thamani ya kazi yake. Na akijibu kwamba watu wote hujaza hapa na hakuna aliyewahi kulalamika, uchukue mtungi wako uondoke kwa adabu, kwa sababu aliyekufa halalamiki. Kipo pia chombo kidogo cha mkononi cha kupimia kaboni monoksidi, na kikundi chochote cha waokoaji kinachotumia mitungi kinapaswa kuwa nacho hata kabla ya kununua mtungi wa pili.

Mtungi nao una masharti yake. Begani mwake pamepigwa mihuri ya tarehe, na desturi ya wazamiaji katika nchi nyingi ni kuupima kwa shinikizo la maji kila miaka 5 na kuukagua ndani mara moja kwa mwaka. Mitungi ya zamani ya alumini ya aina iitwayo 6351, iliyotengenezwa kwa wingi mpaka karibu na mwaka 1988, imejulikana kupata nyufa shingoni. Mtungi kama huo ukiuzwa rahisi mnadani, usiununue. Wa chuma ulioingia maji hula kutu, na kutu huila oksijeni iliyomo, hata mtu akavuta hewa isiyo na uhai ndani yake. Ndiyo sababu ya kutouacha mtungi uishe kabisa: shinikizo kidogo likibaki huyazuia maji na unyevu kuingia. Barabarani ufungwe imara, usiwekwe juu ya keria ya matatu wala kuachwa garini kwenye jua la Voi, maana kila nyuzi moja ya joto huongeza takriban theluthi mbili za bari katika mtungi uliojaa.

Jambo jingine lahusu mwinuko wetu. Mji wa Nyeri uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Majedwali ya kuzamia yaliandikwa kwa watu wa usawa wa bahari, tangu yale ya mwanasayansi John Scott Haldane ya mwaka 1908 aliyoyapata kwa kuwajaribia mbuzi. Kwa hiyo azamaye mita 18 katika bwawa la huku ahesabu kana kwamba amezama mita 22. Na aliyekwenda pwani kuzamia na kujaza mitungi asipande garimoshi la Madaraka jioni ile ile. Garimoshi hilo, lililoanza kazi mwaka 2017, humtoa mtu baharini hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, kwa saa 5 au 6. Naye ana naitrojeni mwilini ambayo ikipunguziwa shinikizo upesi hutoka kwa mapovu, ikaleta maumivu ya viungo, kupooza, au mauti. Ushauri wa waganga wa wazamiaji kwa wasafiri wa ndege ni kungoja saa 12 baada ya mzamio mmoja mwepesi, saa 18 baada ya mizamio ya kurudiarudia, na zaidi sana ya saa 18 kama mizamio ilidai vituo vya kupumzika wakati wa kupanda. Na safari ya kuja Nyeri, kwa mwinuko wake, yafaa kuhesabiwa vivyo hivyo.

Lakini katika hayo yote nililolichukua moyoni zaidi ni hali ya ukingoni mwa maji siku ya msiba. Mtu amezama, jamaa zake wamekaa nyasini na mablanketi, mama haachi kuyatazama maji, mkutano wa watu waongezeka kila saa, na kila mmoja auliza mbona hakuna aingiaye. Hapo atokea kijana mwenye mtungi usiojulikana ulijazwa wapi, na halaiki yote yamsukuma kwa macho. Ndugu zangu, mtu aliyekosa pumzi chini ya maji huokolewa katika dakika chache za mwanzo. Saa zikipita, kazi iliyobaki ni ya kuurudisha mwili kwa heshima ili uzikwe, na kazi hiyo, ijapokuwa ni haki ya wafiwa na wajibu wetu sote, haina haraka inayofaa kununuliwa kwa roho ya pili. Tarehe 29 Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likazama na mama na binti yake, na ingawa kambi ya jeshi la majini iko Mtongwe, jirani kabisa na kivuko hicho, halikuopolewa mpaka tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58. Nchi nzima ililia kwa kungoja, na uchungu wa kungoja ule siudharau. Lakini hakuna mzamiaji aliyezikwa pamoja nao. Mzee wa kijiji, padri, imamu au chifu aliyesimama ukingoni ana sauti ya kumwambia yule kijana: ngoja, tujue kwanza umebeba nini mgongoni. Aitumie sauti hiyo.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezipa kaunti kazi ya zimamoto na ya kukabiliana na maafa. Mitungi ya zimamoto na mitungi ya wazamiaji hujazwa na mashine ya namna moja. Kwa hiyo sioni kwa nini Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Tharaka Nithi, Meru na Laikipia zisishirikiane kuwa na kompresa moja ya hewa ya kuvuta, iliyowekwa katika kituo cha zimamoto, yenye fundi aliyefunzwa, vichungi vya akiba, daftari lililo wazi na cheti cha kupimwa kilichobandikwa ukutani mahali ambapo kila ajaye aweza kukisoma. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa katika mabunge yao kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Nawaomba mwende; na mtakapopewa nafasi ya kusema, baada ya barabara na zahanati, itajeni na mashine hii, mtake jibu lake liandikwe.